Kiasi cha Bunduki

Wazee wa pwani, enzi za magobore, risasi iliyokwisha kufungwa pamoja na baruti yake tayari kutiwa bundukini waliiita kiasi cha bunduki. Kamusi za kale zimelihifadhi jina hilo, nami nalipenda kuliko jina lolote tulilonalo leo, maana linataja jambo lenyewe, yaani kipimo. Aliyejua kupima alirudi nyumbani na nyama. Asiyejua alirudishwa. Nimelileta hapa kwa sababu nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni juu ya kupima.

Ugomvi wangu ni na baadhi ya vijana wetu walioko Marekani, Watanzania na Wakenya, wenye kujaza risasi zao wenyewe majumbani. Msomaji wa huku asishtuke, wala asijaribu. Kwetu Tanzania, na Kenya pia, kutengeneza risasi bila kibali cha serikali ni kosa la jinai, nami sina neno na sheria hiyo. Marekani mambo ni mengine. Huko mtu anayejaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali ya shirikisho. Leseni inadaiwa anapotaka kuziuza. Ni kazi ya kawaida ya wawindaji na walenga shabaha, na vifaa vyake vinauzwa dukani mchana kweupe.

Mwalimu mstaafu ameyajuaje hayo? Binti yangu ameolewa Texas. Nimekwenda kwao mara mbili, na kila mara nilikaa karibu miezi sita. Mzee ugenini hana shughuli: asubuhi wote wameondoka, jioni wote wamechoka. Kilichonipa uhai ni meza ya mkwe wangu katika banda la gari, anapojazia risasi za kuwindia nguruwe mwitu, ambao kule Texas ni balaa la wakulima kama walivyo huku kwetu. Nilifundisha hesabu na kazi za mikono miaka mingi kabla sijapewa ukuu wa shule, na chuo cha ualimu kilichonilea kilikuwa na karakana ambamo mwanachuo hakushika msumeno kabla hajaonyesha daftari lake la vipimo. Kwa hiyo sikuona haya kuvuta kiti nikatazama.

Risasi moja ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba ya njano. Kuna fataki ndogo kitakoni mwake, inayolipuka ikigongwa. Kuna baruti ndani. Na juu kuna kichwa, kile kinachoruka. Ukishapiga, fataki imekwisha, baruti imekwisha, kichwa kimekwenda zake. Ganda linabaki, nalo ndilo lenye gharama. Kulijaza tena ni kulitoa fataki iliyokufa, kulirudisha katika umbo lake kwa maana moto umelitanua, kulipunguza urefu likizidi, kulitia fataki mpya na baruti iliyopimwa, kisha kulikalisha kichwa. Ganda linalojazwa kirahisi ni lile lenye tundu moja katikati chini ya fataki, kwa kuwa sindano hupita hapo na kuisukuma fataki nje. Hapa pana kichekesho. Fataki ya namna hiyo ilibuniwa na Mwingereza, Edward Boxer, nayo ndiyo iliyotamalaki Marekani. Ile ya Mmarekani Hiram Berdan, yenye vitundu viwili pembeni, ikahamia Ulaya. Nchi hizo zilibadilishana kama watoto wanaobadilishana kalamu.

Sasa mashine. Ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya hatua moja: unavuta mkono wake mara moja, ganda moja linafanyiwa jambo moja. Ukimaliza maganda hamsini kwa jambo hilo, unabadilisha kifaa na kuanza jambo la pili. Ya pili ni ya mfululizo: ina sahani inayozunguka yenye maganda manne au matano, na kila ukivuta mkono yote yanafanyiwa kazi kwa pamoja, kila moja kazi yake, na mwishoni risasi iliyokamilika inaangukia kikapuni. Ya kwanza hutoa risasi hamsini au mia kwa saa, ukiwa mwepesi. Ya pili hutoa mia nne, hata mia sita.

Jumamosi rafiki za mkwe wangu hupita hapo bandani. Ni vijana wenye adabu, shikamoo zao hazijapotea baharini. Lakini kila mmoja aliyekuwa akianza kazi hii alikuwa amenunua, au anadunduliza anunue, ile ya mfululizo. Nikiuliza sababu naambiwa, "Mzee, siku hizi mashine inajipima yenyewe." Nikiuliza imefungwaje naambiwa imefungwa asubuhi na mchana ilikuwa inatoa risasi. Wanalisema hilo kwa fahari.

Nasema hapa wazi, kama nilivyowaambia usoni: kwa mtu anayeanza, fahari hiyo ni upumbavu, na anayewauzia mashine ya namna hiyo bila kuwauliza wamejifunzia wapi anafanya biashara ya vidole vya watu.

Tuanze na meza, kwa kuwa hata meza wanaidharau. Mkono wa mashine unavutwa kwa nguvu, hasa unaporudisha ganda la bunduki ndefu katika umbo lake. Meza ikiyumba, kipimio cha baruti kilichofungwa juu ya mashine kinatikisika, na baruti iliyotikiswa hujishindilia. Kipimio hicho hakipimi uzito, kinapima ujazo. Baruti ikijishindilia, ujazo uleule unabeba uzito zaidi. Kwa hiyo meza mbovu inabadilisha kiasi cha bunduki bila kugusa skurubu hata moja. Kwa mkwe wangu tulikuwa na jaribio letu: bilauri ya maji imejazwa mpaka ukingoni, imewekwa mezani, mkono unavutwa. Mara ya kwanza maji yalimwagika. Tukaongeza mbao, tukaikaza meza kwenye nguzo za ukuta, tukarudia. Ilichukua siku mbili. Mmoja wa wale vijana alicheka, akasema yeye mashine yake ameifunga juu ya meza ya kukunja.

Halafu inakuja dai. (Ni neno la mafundi, lisichanganywe na madai ya mahakamani.) Dai ni bomba la chuma kigumu linalofungwa juu ya mashine, ganda likisukumwa ndani yake linarudia umbo. Lina hesi kwa nje, na kwa bahati njema karibu watengenezaji wote wamekubaliana kipimo kimoja: upana wa inchi 7/8, hesi 14 katika kila inchi. Naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana hapa ndipo penye kesi yangu yote. Hesi 14 kwa inchi maana yake ni kwamba ukilizungusha dai mzunguko mmoja kamili linashuka milimita 1.81. Sasa, kwa bunduki ndefu ya kawaida, bega la ganda linatakiwa kurudishwa nyuma kiasi cha elfu mbili za inchi, yaani milimita 0.05, kama nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Gawanya. Utakuta ni digrii kumi za mzunguko. Kwenye uso wa saa ya ukutani, mshale wa dakika hauhitaji hata dakika mbili kuupita mwendo huo.

Kijana wa mashine ya asubuhi hafanyi digrii kumi. Karatasi ya maelekezo imemwambia ashushe dai mpaka liguse kishikio cha ganda, kisha aongeze kidogo, basi yeye anaongeza robo mzunguko, anakaza nati kwa spana, anaendelea. Bunduki yake inapiga. Anafurahi. Kinachotokea ndani hakioni: bega limerudishwa nyuma kupita kiasi, ganda limekaa huru ndani ya bunduki, na kila likipigwa linavutika karibu na kitako. Shaba inakonda pale kwa ndani kama pete. Mara ya tatu, ya nne, ya tano, ganda linakatika, na hewa yenye moto na mgandamizo wa zaidi ya ratili 60,000 kwa inchi mraba inatafuta njia ya kutokea karibu na shavu la mpigaji. Tairi ya gari dogo ina thelathini na kitu.

Dawa yake ni nyepesi, haina hata gharama. Waya mwembamba uliokunjwa ncha unaingizwa ndani ya ganda na kuvutwa taratibu ukutani. Pete ikiwapo, ncha inakwama. Na kabla ya hapo kuna geji ya kupimia bega na kalipa ya kupimia urefu. Mkwe wangu alilishusha dai kwa vijisehemu vidogo, kila mara akipima ganda moja, akiandika, akilishusha tena. Jioni nzima kwa dai moja. Kuirekebisha mashine ni huko. Wenzake wao wakisema wanairekebisha, nimewasikia, maana yao ni kuifanya iende mbio zaidi.

Nije kwenye baruti. Katika gobore walitumia baruti nyeusi, nayo ilikuwa na uvumilivu wa namna yake: ilipimwa kwa ujazo, kwa pembe au kikombe, na aliyezidisha kidogo aliumia bega, akaona moshi mwingi, akajifunza. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na tangu hapo uvumilivu ule umekwisha. Baruti hii ina nguvu kubwa zaidi kwa uzito uleule, na mgandamizo wake haupandi kwa ngazi sawasawa. Ukikaribia kikomo, nyongeza ndogo inaleta ruka kubwa. Inapimwa kwa greini. Greini 7,000 zinafanya ratili moja. Mizani ya mezani inaonyesha sehemu ya kumi ya greini, ambayo ni miligramu sita na nusu. Nimefundisha kupima kwa miaka mingi, sijawahi kuwa na mizani ya namna hiyo darasani, na ningeipata ningeifungia kabatini nikaenda na ufunguo nyumbani.

Mizani hiyo ina adabu zake. Hailali sawa mpaka meza ilale sawa. Kabla ya kazi inarudishwa sifuri, kisha inajaribiwa kwa mawe yenye uzito unaojulikana. Upepo unaidanganya: nilishuhudia mshale ukicheza kwa sababu tu kipoza hewa kimewashwa. Zile za umeme hutangatanga zisipopewa muda wa kupata moto. Na aliye na akili haanzi na kipimo cha juu kilichomo katika kitabu. Anaanza chini, kwa kawaida asilimia kumi chini yake, anapanda kidogo kidogo, anayachunguza maganda yaliyopigwa kila hatua. Kitabu chenyewe kiwe cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, kisiwe maneno ya rafiki. Na mezani liwepo kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja. Punje za baruti mbili zinaweza kufanana kama punje za mtama wa shamba moja, na moja ikawa ya kuua.

Hapo ndipo huletwa hoja ya king'ora. Mashine nzuri za mfululizo zinaweza kufungwa kifaa kinacholia ganda likiwa tupu au likijazwa mara mbili. Nakubali, ni kifaa cha maana. Lakini kinaona kina cha baruti tu. Hakijui ni baruti gani, wala hakijui kama kipimio kilijishindilia. Tena anayekitegemea kabla hajajua mwenyewe ganda lililojaa sawasawa linafananaje, atajuaje siku king'ora kimekufa?

Nitatoa mfano mmoja, bila jina wala mji. Kijana mmoja, mtu wa kwetu, alikuwa anajaza risasi za bastola ya mzunguko aina ya .38 Special. Ganda hilo lilianza kutumika mwaka 1898, siku za mwisho za baruti nyeusi, kwa hiyo ni kubwa kuliko kiasi kidogo cha baruti ya leo. Kiasi kikiingia mara mbili hakimwagiki, kinakaa kimya humo ndani. Mashine yake ilikwama katikati ya mvuto. Akaurudisha mkono, akatazama, akavuta tena. Ganda lililokuwa chini ya kipimio lilipokea mara ya pili. Akamaliza kikapu chake. Siku ya shabaha bastola ilipasuka upande wa juu, na leo anaandika kwa mkono wa kushoto.

Alipokuja kutusalimu alikuwa na hasira na mashine. Alisema imetengenezwa vibaya. Nikamwomba anionyeshe daftari lake: tarehe, aina ya baruti, uzito, maganda mangapi yalipimwa tena kwenye mizani katikati ya kazi. Hakuwa na daftari. "Mwalimu, nani anaandika siku hizi?" aliniuliza, na ule mkono akiwa ameuficha mfukoni. Nilimwonea huruma, naye najua alinielewa hivyo. Lakini huruma haikunifanya nikubaliane naye. Mashine ilifanya kile ilichoamriwa, mara mbili.

Mtu akiwa na mashine ya hatua moja, maganda hamsini yanasimama mbele yake katika ubao wenye matundu, midomo juu, yote yametiwa baruti na hakuna hata moja lililofunikwa. Anachukua taa, anapita mstari kwa mstari. Tupu linajitangaza. Lililojaa mara mbili linajitangaza. Dakika moja. Ndiyo maana nasema mwanafunzi aanze hapo, akae hapo mwaka mzima, na akishajua kila hatua kwa mkono wake aende kwenye mfululizo akipenda. Sina chuki na mashine hiyo. Nimemwona mzee mmoja wa Kimarekani, jirani, akiitumia kwa utulivu wa mtu anayeswali. Lakini alianza kazi hiyo ujanani kwa kifaa kidogo cha kugonga kwa nyundo. Mwalimu hafundishi kusoma, kuandika na kuhesabu katika dakika ileile, halafu akamlaumu mtoto kwa kuchanganya herufi na tarakimu.

Wanaosema wanaokoa fedha sitawajibu kwa kirefu. Mwaka 2020 fataki ziliadimika Marekani nzima na bei ikapaa, na hata bei inapokuwa nzuri, mwenye risasi rahisi hupiga risasi nyingi. Mke wa mmoja wao aliniambia hesabu ya nyumba haijapungua hata dola.

Lakini kuna jambo ambalo wote, wa haraka na wa taratibu, wanalipuuza, nalo linanikera kuliko kasi. Kiswahili kimeita kwa neno moja kile kinachotoka bundukini na lile dini lenye sumu lililotengenezwa nalo: risasi. Lugha imetuonya wazi. Fataki nyingi zina mchanganyiko wa risasi. Ikilipuka inaacha vumbi ndani ya ganda, na maganda yakizungushwa kwenye chombo cha kuyasafisha vumbi hilo linatoka. Kwa mtoto hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Nimeingia katika nyumba ambamo chombo hicho kinanguruma jikoni, karibu na chupa ya maziwa, na katika nyingine mashine imefungwa kwenye chumba anacholala mtoto kwa sababu "kuna mwanga mzuri". Baba anamaliza kazi, anapangusa mikono kwenye suruali, anambeba mwanawe. Haya si mambo ya ufundi hata kidogo, ni malezi. Kwa binti yangu sheria iliwekwa na binti yangu mwenyewe: mashine bandani, mlango una kufuli, hakuna chakula wala kahawa mezani, mikono inanawiwa kwa sabuni kabla ya kugusa kitasa, na shati la bandani haliingii ndani. Mkwe alinung'unika wiki mbili. Baruti inakaa katika makopo yake ya asili, kwenye kabati la mbao nene, na fataki mbali nayo.

Na vijana wana desturi ya kugawiana. Mmoja akijaza nyingi anampelekea mwenzake mfuko wa risasi mia, kama tunavyopelekeana embe. Mkwe wangu huzipokea kwa shukrani, maana kukataa zawadi mlangoni ni kumvunjia mtu heshima. Mgeni akishaondoka anazibeba mpaka nyuma ya banda, anazibomoa moja moja kwa ile nyundo ya plastiki inayochomoa vichwa, maganda anayaweka upande, na baruti, ambayo hajui ni ipi wala ilipimwa na nani, anaitawanya nyembamba juu ya udongo wa bustani. Ananiambia nyasi za hapo zinastawi kuliko kwingine kote uwanjani.